Bibi, Kofia na Mlango: Uchambuzi wa Picha Moja ya Mji Mkongwe

Kijana wa kisa hiki ni fundi pikipiki wa Unguja. Picha anapiga kwa mapenzi tu, hajawahi kulipwa hata senti moja. Kamera yake ni Nikon D3200 ya mtumba, toleo la mwaka 2012, na lenzi ni ileile ya milimita 18–55 iliyokuja nayo. Anapiga vilivyo karibu naye: wazee wa bao barazani, muuza kahawa na dele lake, paka wa Darajani, mikono ya mafundi wenziwe iliyojaa grisi. Lakini aliyempiga kuliko wote ni bibi yake mzaa mama, anayeishi kwenye nyumba ya zamani ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe, na ambaye tangu ujana wake ameshona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi.

Alinijia na kadi ya kumbukumbu na swali moja: anunue lenzi gani? Kwa muda mrefu alikuwa akiitafuta picha moja ambayo kuielezea ni rahisi: bibi anashona, uso wake unasomeka, na vile vitundu vya kofia vinaonekana. Picha hiyo ilimkataa. Mtandaoni ameambiwa lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ndiyo dawa (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), na alikuwa ameshaanza kuweka akiba.

Nilimwomba swali la lenzi tuliache kwanza, tuzitazame picha kwa mpangilio ule ule zilivyopigwa, bila kufuta hata mbovu. Hapo ndipo kisa kilipojieleza.

Fungu la kwanza alimkalisha bibi kwenye kiti, mgongo kwa mlango ulio wazi, yeye mwenyewe akiwa ndani ya chumba. Alitaka kichochoro kionekane nyuma yake. Kichochoro kilionekana vizuri sana. Bibi akawa kivuli cheusi chenye umbo la mtu. Hesabu yake haina siri. Wapiga picha huupima mwanga kwa hatua, na kila hatua moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu. Juani mchana, kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga), picha inakaa sawa kwenye f/16 na shata, yaani muda wa kuuruhusu mwanga uingie, ya karibu 1/100 ya sekunde. Ndani ya chumba kile, kwenye uso uliogeukia kizani, mwanga uko chini ya hapo kwa hatua nane au zaidi. Hatua nane ni tofauti ya mara 256. Kamera inayopima fremu nzima hukuta mlango umejaa ukuta mweupe wenye jua, ikaupunguza mwanga ili ukuta usiungue, yaani usiwe mweupe mtupu, na uso ukazama. Hakuna lenzi inayobadilisha tofauti hiyo, maana ikifungua tundu kwa ajili ya uso, imelifungua kwa ajili ya ukuta pia.

Fungu la pili, flashi. Uso umeonekana, lakini umelala kama karatasi. Paji la uso lina doa jeupe linalong'aa, ukuta wa nyuma una kivuli kikali cha kichwa, na kofia imekuwa kipande cheupe kisicho na kitundu hata kimoja. Flashi ya juu ya kamera ni taa ndogo iliyokaa karibu sana na lenzi. Mwanga unaotoka upande mmoja na jicho hautupi juu ya kitambaa kivuli ambacho jicho hilo linaweza kukiona, na kitundu cha kushonwa kinaonekana kwa kivuli chake peke yake.

La tatu alimtoa bibi barazani, muda mfupi baada ya adhuhuri. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema Oktoba, na miezi ya karibu na hiyo halitofautiani sana. Jua la utosini huyafanya macho yawe mashimo mawili chini ya nyusi. Bibi amekunja uso, ushungi umemtupia kivuli hadi puani, na kofia imeungua kabisa.

La nne ndilo lililonisikitisha, kwa sababu hapo kijana alikuwa ametii mafundisho. Alikuwa amesoma kwamba mwanga mzuri ni ule wa jua linapokaribia kuzama, mwanga wa rangi ya dhahabu, akamngoja bibi hadi saa kumi na mbili jioni. Mafundisho hayo ni ya kweli kwa ufukwe, kwa kiwanja, kwa barabara pana. Kichochoro cha upana wa hatua tatu za mtu, chenye kuta za nyumba za ghorofa pande zote mbili, hakiuoni mwanga huo; unapita juu ya mapaa. Chini kulikuwa na giza la mapema, kamera ikapanda hadi ISO 6400, picha ikajaa chenga na mikono ya bibi ikatikisika. Tena huku kwetu jua huzama karibu wima: kutoka kuzama kwake mpaka mwanga wa kazi kwisha ni kama dakika 20 tu. Mwenye kuandika akiwa London mwezi wa Juni ana zaidi ya mara mbili ya muda huo. Ushauri mwingi wa mwanga tunaousoma umeandikwa chini ya jua linalolala kiubavu, na anayejifunza pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kuupima kwa saa ya ukutani kwake kabla hajaufuata.

Mafungu manne, matatizo manne tofauti. Nilipoziweka picha zote pamoja kwenye kioo, niliona jambo moja linalozifunga: katika zote, bibi hashoni. Ameshika kofia na sindano, lakini macho yako kwa kamera na mkono umesimama. Kila mara mjukuu alikuwa amemwondoa mahali pake, akampeleka mahali palipoonekana pazuri kwa picha. Nikamwuliza kijana, bibi akiwa peke yake hukaa wapi? Hakuwa na jibu la haraka. Alisema, "Chini, kwenye mkeka, hapo hapo mlangoni."

Tulikwenda asubuhi ya siku ya mapumziko, mwezi wa Oktoba. Baada ya shikamoo na marahaba na chai, bibi alirudi kwenye kazi yake kama hatupo. Aliketi kwenye mkeka, mlango ukiwa ubavuni mwake wa kushoto, karibu kiasi cha mkono kunyooka. Kijana alisimama mlangoni kutafuta fremu, na bibi akasema bila kuinua kichwa:

"Hebu niondokee hapo, mwanangu, wanikingia mwanga."

Kauli hiyo ilikuwa na somo zima ambalo nilikuwa nimejiandaa kulitoa kwa maneno mengi. Bibi anatumia mkono wa kulia. Mwanga ukija kutoka kushoto, kivuli cha mkono hakiangukii sindano. Mlango hakuupa mgongo, kwa sababu angejitilia kivuli mwenyewe. Hakuugeukia moja kwa moja pia, kwa sababu ukuta mweupe wa ng'ambo ungemuumiza macho. Amekaa upande, ili mwanga uikwangue kofia juu juu na kila kitundu kijionyeshe kwa kivuli chake. Kiua ni kitundu kidogo mno kilichozungushiwa uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe. Hakina rangi ya kukitofautisha na kitambaa, kwa hiyo asiye na mwanga wa ubavuni hakioni na hawezi kukishona. Mwanga ambao mjukuu alikuwa akiutafuta, bibi yake alikuwa ameshautafuta miaka mingi kabla yake, kwa sababu ya kazi.

Naliamini jambo hili kwa dhati, na ndilo hasa lililonifanya niandike kisa hiki. Anayefanya kazi ya mikono amekwisha kuchagua mwanga wake. Fundi saa, msusi, mchaguzi wa mchele, mchonga mlango, kila mmoja amehamisha kigoda chake kidogo kidogo mpaka akapata pa kuona vizuri. Mpiga picha asiye na taa wala wasaidizi akimkuta mtu huyo, kazi yake ya kwanza ni kuutafuta mstari kati ya mtu na chanzo cha mwanga, kisha ajiweke pembeni ya mstari huo, na mtu amwache alipo.

Saa nayo ilikuwa na maana yake. Mlango wa nyumba ile unatazama magharibi. Asubuhi jua hupita juu ya paa la nyumba yenyewe na kupiga sehemu ya juu ya ukuta wa ng'ambo, kisha kadiri linavyopanda, ule mwangaza unashuka ukutani. Siku ile, kwenye saa nne, ulikuwa usawa wa madirisha ya ghorofani. Kufika saa tano na robo ulikuwa umekaribia ardhi. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa, na chokaa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga inaoupata. Kwa zaidi ya saa nzima, basi, mlango wa bibi unakuwa umeelekezewa taa yenye ukubwa wa ukuta, laini, isiyo na kivuli kikali. Ndiyo maana sikubali usemi kwamba mchana hakuna picha. Katika uwanja mtupu ni kweli. Katika miji ya vichochoro, Mji Mkongwe, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa, saa zinazokaribia adhuhuri ndizo ambazo jua linafika chini na kuta zinaanza kurushiana mwanga. Bibi hushona baada ya chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, na baada ya hapo huiweka kofia. Ukiitazama ratiba hiyo na mwendo wa jua ukutani, vinakwenda sambamba.

Mahali na saa vilikuwa vimepatikana. Ilibaki kipimo, na hapa palikuwa na ugumu wa kweli.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kinachotazamwa. Kimeundwa kudhani kwamba kilicho mbele yake kinarudisha mwanga kiasi cha kijivu cha kati, kile ambacho kwa desturi huitwa asilimia 18. Ukikielekeza kwenye kofia nyeupe, kitaifanya kofia iwe ya kijivu na uso uwe gizani. Ukikielekeza kwenye uso wa maji ya kunde iliyokolea kama wa bibi, kitauvuta juu hadi uwe mweupe kuliko ulivyo, na kofia itaungua. Kijana alikuwa ameviona vyote viwili, akadhani kamera ni mbovu. Tuliweka upimaji wa nukta moja, akapima shavu lililogeukia mlango, akapunguza hatua moja. Uso ukakaa kwenye rangi yake. Kofia, iliyokuwa karibu zaidi na mlango kuliko uso, bado iliungua pembeni.

Kusogea kwa chanzo kunafanya tofauti kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa taa ndogo, ukizidisha umbali mara mbili mwanga unabaki robo. Kwa mlango mpana haupungui kwa ukali huo, lakini unapungua, na ukiwa karibu nao kiasi kile, sentimeta 40 kati ya mapaja na uso zinahesabika. Nilitaka kumwomba bibi asogee ndani kidogo. Kijana alikataa, na alikuwa na haki: tungerudi kulekule kwa kumhamisha. Akaona kitu ambacho mimi sikuwa nimekitilia maanani. Bibi hutandika shuka nyeupe mapajani ili kitambaa cha kofia kisichafuke, na siku ile alikuwa ameikunja nusu. Alimwomba aitandue yote, kama afanyavyo akianza kofia mpya. Shuka ikafunika mapaja hadi kwenye mkeka, ikapokea mwanga wa mlango na kuurudisha juu, chini ya kidevu na kwenye shavu la upande wa kizani. Tofauti kati ya kofia na uso ikapungua, na kivuli kizito chini ya macho kikalainika. Vifaa vya kurudisha mwanga vinauzwa madukani, vya duara, upande mmoja rangi ya fedha. Hapa kilikuwepo tayari, kimetandikwa kwa sababu nyingine kabisa.

Fremu iliyofaulu ni ya 35 mm, f/5, 1/80 ya sekunde, ISO 800, faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaisahihisha). Kijana alikuwa amechutama ndani ya chumba, kidogo mbele ya bibi, bega lake la kulia likigusa ukuta wa mlango. Vilikuwa vipimo vya kawaida, ndani ya uwezo wa lenzi ile ile aliyotaka kuibadilisha. Lenzi ya f/1.8 ingempa hatua tatu za ziada, nami sisemi ni bure. Jioni barazani ingemsaidia sana. Lakini kwa f/1.8, kwa umbali ule, uso ungekuwa ndani ya fokasi na kofia nje, au kinyume chake, naye anavitaka vyote viwili.

Kuna jambo la ngozi ambalo siwezi kulipita. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilisahihisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na kilichopendeza usoni kwake ndicho kilichoitwa sahihi kwa watu wote. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba programu yake ya kamera imerekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, na tangazo lenyewe ni ushahidi kwamba kasoro ilikuwepo hadi juzi. Kutokana na historia hiyo wengi wetu tumejifunza kuuongezea uso mweusi mwanga, mwanga zaidi, mpaka unapauka. Ninavyoona mimi, hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Ngozi nyeusi husomeka kwa mng'ao wake, kwa namna mwanga mpana unavyotiririka kutoka kipaji hadi shavuni bila kukatika. Inahitaji chanzo kikubwa kilichokaa upande. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga sehemu kubwa ya kazi yake kwa mwanga wa mchana, mara nyingi uani, na watu wake waliovaa vitambaa vyeupe na nyuso zao nyeusi wamebaki na kila kitu: nguo haikuungua, uso haukuzama. Nilimpa kijana azitazame picha hizo na kuanza na swali moja kwa kila picha: kivuli cha pua kinalala upande gani? Kutokana na kivuli hicho mtu anaweza kujua taa ilikuwa wapi.

Fremu ile ina kasoro, nami sizifichi. Upande wa kizani wa uso una rangi ya kijani hafifu, kutokana na rangi ya mafuta iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta wa chumba. Taa ya dari ilikuwa inawaka, ikatia umanjano juu ya ushungi. Ingezimwa kabla ya kuanza. Na 1/80 haikutosha kuugandisha uzi bibi alipouvuta, ingawa mimi napenda uzi ule ulioyeyuka kidogo, na kijana haupendi. Hatukukubaliana, na picha ni yake.

Faida kubwa aliyonayo, ambayo mpiga picha wa kulipwa angeinunua kwa fedha nyingi, ni kwamba bibi atashona tena kesho. Mpiga picha wa harusi ana dakika chache na mwanga wowote atakaoukuta. Huyu ana mtu yuleyule, mkeka uleule, mlango uleule, na kinachobadilika ni mwanga pekee. Kwa hiyo mwanga anaweza kuusoma ukiwa peke yake, jambo ambalo mwenye kuzunguka kutafuta vitu vipya vya kupiga hapati nafasi ya kulifanya. Nimemwambia mwezi Juni arudi mlangoni saa zile zile. Wakati huo jua liko kaskazini, adhuhuri yake haifiki utosini bali huishia karibu nyuzi 60, na ule mwangaza wa ukutani hautashuka kama ulivyoshuka mwezi wa Oktoba. Pengine picha itabidi ipigwe ghorofani, dirishani. Ajaribu pia kwa muuza kahawa, ambaye mkaa wake unamwangaza kutoka chini kabla ya alfajiri, na kwa karakana yao wenyewe, yenye mlango mkubwa wa bati na sakafu ya saruji iliyopauka ambayo hurudisha mwanga usoni kwa mtu aliyeinamia injini.

Bibi alipooneshwa picha kwenye kioo cha kamera aliuliza kwanza kama viua vinahesabika. Kijana aliikuza mpaka vikahesabika. Kisha akataka iliyochapishwa.

Nakala ya kwanza ilirudi kutoka dukani ikiwa imeharibika: uso umepaushwa, ukuta wa nyuma uliokuwa gizani umekuwa wa kijivu, na kofia imepoteza vitundu vya upande wa mlango. Mashine za kuchapisha nyingi huwekwa zijisahihishe zenyewe, na ikikutana na picha yenye giza kwa makusudi huidhani imekosewa. Kijana alirudi akaomba vitu vitatu: usahihishaji wa mashine uzimwe, karatasi iwe isiyong'aa, na kipande kidogo cha majaribio chenye shavu na kofia kichapishwe kwanza kabla ya nakala nzima. Kipande kilikuwa na giza kidogo kuliko alivyoiona kwenye kompyuta, kwa sababu kioo kinatoa mwanga na karatasi inaupokea tu. Aliinyanyua picha theluthi moja ya hatua, akachapisha ya sentimeta 20 kwa 30.